Mlinzi wa Nyumba Amemeza Nini?

Jumamosi moja ya Februari 2024, katika mtaa wa Ngagara mjini Bujumbura, mke wa askari polisi mmoja alirudi nyumbani kutoka kazi za pamoja za asubuhi, akamkuta mbwa wao Simba amelala barazani, mkia ukipiga sakafu kwa furaha. Mbele ya miguu yake palikuwa na mfupa mwekundu wa mpira, kitu cha kuchezea ambacho shemeji alikuwa amekileta kutoka Ubelgiji. Mfupa huo ulikuwa na vichwa viwili. Sasa ulikuwa na kimoja.

Bibi huyo hakuwa mtu wa mbwa. Alizaliwa na kukulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako nyumba nyingi ni za Waislamu, na tangu utotoni alifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Mbwa wa lindo aliruhusiwa, lakini mahali pake palikuwa uani. Mumewe alipomleta Simba nyumbani, kijibwa cha miezi mitatu ndani ya kikapu, bibi aliweka sharti moja: mnyama asivuke kizingiti. Sharti hilo lilishikwa. Hata hivyo zamu za usiku za askari ni nyingi, na mwanamke anayebaki peke yake na watoto watatu hujifunza upesi thamani ya sauti inayobweka langoni saa nane za usiku. Kufikia siku ile Simba alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, uzito wake kilo 22, na bibi alikuwa amekwisha kumzoea kiasi cha kumwekea kando ukoko wa ugali.

Kitu cha kuchezea hakikuletwa kwa anasa. Mbwa huzaliwa bila meno. Huota meno 28 ya utotoni, nayo hung'oka na kubadilishwa na meno 42 ya ukubwani kati ya mwezi wa nne na wa saba hivi. Katika miezi hiyo fizi humwasha, naye hutafuna chochote. Akisha kukua huendelea kutafuna kwa sababu nyingine: kwa uchovu wa kufungwa, kwa upweke, au kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Simba alikuwa amemaliza jozi tatu za kandambili na mpini wa ufagio kabla shemeji hajamhurumia bibi na kuleta ule mfupa wa mpira.

Vitu vya namna hiyo vina historia inayowahusu hata polisi. Katika miaka ya 1970, huko jimbo la Colorado nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Joe Markham alikuwa na mbwa mchungaji wa Kijerumani, Fritz, aliyekuwa amestaafu kazi ya polisi. Fritz alikuwa akitafuna mawe na kujiharibu meno. Siku moja, bwana huyo akiwa anatengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa akakamata kipande cha mpira cha springi za gari na kukataa kukiachia. Kutokana na jambo hilo Markham alianza kutengeneza mipira migumu ya kutafunwa na mbwa, ikauzwa duniani kote kwa jina la KONG. Lakini hakuna mpira usiokwisha. Waswahili husema bandu bandu huisha gogo, na mbwa mwenye taya imara na asubuhi nzima mbele yake ana muda wa kutosha wa kuimaliza hata kazi ya kiwanda.

Jambo la kwanza alilolifanya bibi siku ile ndilo lililo bora, ingawa alilifanya bila kufundishwa na mtu. Hakupiga kelele, wala hakumfukuza mbwa kuzunguka uani. Mbwa anayefukuzwa hudhani ni mchezo, au huogopa kunyang'anywa, naye humeza upesi hata kile ambacho angekitema. Bibi alimwita kwa sauti ya kawaida, akamfunga kamba, kisha akaokota vipande vyote vya mpira vilivyotawanyika barazani, akavipanga juu ya sinia kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika. Kila kipande kilipata mahali pake isipokuwa kimoja, chenye ukubwa wa pingili mbili za kidole kidogo. Akatazama saa: ilikuwa saa tano na robo. Walitoka nyumbani saa mbili. Kwa hiyo kipande kilikuwa kimemezwa ndani ya saa tatu na robo zilizopita.

Habari za Ngagara hazihitaji gazeti. Kabla bibi hajamaliza kupanga vipande, majirani watatu walikuwa wamekwisha fika, kila mmoja na dawa yake. Mama mmoja alileta kikombe cha mawese ya Rumonge, akasema mafuta yatakilainisha kipande kiteremke. Mzee mmoja alishauri maji ya chumvi nyingi ili mbwa atapike. Kijana wa tatu alisema atiwe kidole kooni. Wote walisema kwa nia njema, na wote watatu walikosea.

Mafuta hayaondoi kitu kilichokwama. Na mnyama anayenyweshwa kwa nguvu huweza kuyavuta mapafuni, akapata ugonjwa mbaya kuliko ule aliokuwa nao. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa: huvuruga maji ya mwili, humdhuru ubongoni na huweza kumwua. Kidole kooni huumiza koo, na anayekitia huumwa. Tena kutapisha kwenyewe si jambo la kila hali. Kitu laini na kidogo kilichomezwa punde huweza kutapishwa na daktari wa mifugo kwa sindano yake. Lakini kitu chenye ncha, kama mfupa uliovunjika au kijiti, huchana umio kinaporudi juu. Hata maji ya oksijeni ya kuoshea vidonda, ambayo baadhi ya watu huyasifu kwa kazi hii, huunguza tumbo yakitolewa ovyo. Yasitumike ila kwa amri na kipimo cha daktari.

Bibi aliwashukuru majirani, akaviweka vikombe vyao mezani, akampigia simu mumewe aliyekuwa kazini. Askari huyo alimjibu kama anavyojibu tukio lolote la lindo. Alisema: "Mama watoto, usimpe kitu. Andika taarifa: amemeza nini, saa ngapi, kiasi gani, na hali yake ikoje. Kisha mpigie veterineri umsomee."

Bibi akaandika nyuma ya daftari la mtoto, akapiga simu. Daktari wa mifugo akauliza yale yale, akaongeza mawili: uzito wa mbwa, na kama kipande kina kingo kali au kina waya au uzi ndani yake. Aliposikia kwamba ni mpira laini mtupu, mdogo, ndani ya mbwa wa kilo 22 ambaye anatembea, anapumua vizuri na anaomba chakula, alisema: "Mama, kitu cha ukubwa huo mara nyingi hupita chenyewe. Mpe chakula chake cha kawaida kidogo kidogo, maji yawepo, asikimbiekimbie. Kila anapojisaidia, kagua. Ngoja siku tatu. Lakini akitapika zaidi ya mara moja, akikataa chakula, au tumbo likimwuma, usingoje hata saa moja. Na hicho kitu kilichobaki usikitupe. Utakapokuja, njoo nacho."

Basi ikawa kazi ya siku mbili. Mtu asiyewahi kumpenda mbwa alijikuta akimfuata uani na kijiti mkononi, akichokoa kinyesi na kukitazama juani, huku watoto wakicheka nyuma ya dirisha. Jumatatu asubuhi, saa moja hivi, alikiona: kipande chekundu cha mpira, kizima, kimepita salama. Alikiosha kwa maji mengi na sabuni, akakipeleka kwenye sinia, akakipachika penye pengo. Kikatoshea. Nyumba nzima ikashangilia, na jirani wa mawese akaambiwa ayachukue mafuta yake.

Hadithi ingekwisha hapo kama si jioni ya siku ile ile. Saa kumi na mbili Simba alinusa chakula chake akageuza kichwa. Saa moja alitapika maji ya manjano. Saa mbili akatapika tena. Alitafuta pembe ya ukuta, akasimama kwa namna ya ajabu: miguu ya mbele imelala chini na kifua kimegusa ardhi, miguu ya nyuma imesimama, kama mtu anayetaka kusujudu. Jirani alisema ni tumbo tu, maana mpira umekwisha toka. Maneno hayo yalikuwa na mantiki, na watu wengi wangeyakubali wakaenda kulala.

Bibi hakulala. Aliketi barazani na taa, akimtazama yule mnyama ambaye hakumruhusu kuvuka kizingiti, akajiuliza swali moja: ikiwa mpira umetoka, ni kitu gani kilicho ndani? Daktari alikuwa ametaja dalili, hakutaja mpira. Kutapika kulikuwepo, kukataa chakula kulikuwepo, maumivu ya tumbo yalikuwepo. Tangu asubuhi Simba hakuwa amejisaidia tena.

Ndipo mtoto wa pili, mvulana wa miaka minane, alipotoka chumbani akasimama mlangoni akilia. Alisema: "Mama, usinichape." Kisha akaeleza. Ijumaa jioni alikuwa amenunuliwa hindi la kuchoma njiani. Alipomaliza kulila alimrushia Simba gunzi ili aone kama atalidaka. Simba alilidaka. Alilivunja mara mbili na kulimeza. Mtoto aliogopa kusema, kwa sababu alikuwa amekatazwa kumlisha mbwa mabaki. Na mama alipohangaika na mpira, alidhani kosa lake limefunikwa na kosa la mpira.

Bibi alisema baadaye kwamba mkono wake ulikwisha inuka. Aliushusha. Wala si kwa upole tu: aliona kwamba akimchapa mtoto kwa kusema kweli, siku nyingine itakuwa sumu, au betri, au ugonjwa wa mdogo wake, na mtoto atanyamaza. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Alimwambia mtoto: "Umefanya vizuri kusema. Sasa leta lile daftari, andika hilo nawe." Mtoto akaandika kwa mkono wake: Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, gunzi moja, vipande viwili.

Yafaa watu wa nchi ya mahindi wajue kwamba gunzi ni miongoni mwa vitu vibaya kabisa ambavyo mbwa huweza kuvimeza. Mbwa halisagi, na tumbo lake haliliyeyushi. Ni gumu, ni la mviringo, na linapokatwa huwa na umbo la kizibo cha chupa. Huweza kukaa ndani ya tumbo siku nyingi bila kuleta neno, kisha likaingia katika utumbo mwembamba na kuziba njia. Hata picha ya eksirei, inayoonyesha mfupa na chuma waziwazi, haimwonyeshi daktari gunzi kwa urahisi. Ndiyo maana mbwa huweza kuugua siku kadhaa baada ya karamu ambayo watu wameisahau.

Utumbo ukizibwa, saa huhesabika. Juu ya kizuizi maji na hewa hujaa na utumbo huvimba. Mnyama hutapika, hupoteza maji na chumvi za mwili. Ukuta wa utumbo uliokazwa hukosa damu, hufa, hutoboka; uchafu huingia tumboni, na hapo hata daktari hodari huweza kushindwa. Mbwa anayepasuliwa mapema ana tumaini kubwa. Anayengojewa hadi alale chini bila kuinuka ana tumaini dogo.

Alfajiri ya Jumanne safari ikawa shida ya pili. Mwaka ule mafuta ya gari yalikuwa adimu Bujumbura, magari yakipanga foleni ndefu vituoni. Na tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilikuwa haziruhusiwi kuingia katikati ya mji. Daktari alikuwa upande wa kusini, ng'ambo ya mto Muha, na Ngagara iko kaskazini, ng'ambo ya Ntahangwa. Jirani yule wa chumvi, ambaye ushauri wake ulikataliwa, ndiye aliyetoa gari lake na lita chache alizokuwa amezitunza kwa dharura. Alisema dharura ni dharura, hata ikiwa na miguu minne. Walimlaza Simba juu ya gunia kiti cha nyuma. Hawakumpa chakula wala maji ya kunywa, kwa kuwa anayekwenda kutiwa dawa ya usingizi hapaswi kuwa na tumbo lililojaa.

Daktari alisoma daftari kabla ya kumgusa mbwa. Alipofika kwenye mstari wa mtoto alisimama, akauliza nani ameandika. Kisha akaweka vidole viwili vya kila mkono ubavuni mwa Simba, akaminya polepole, akakihisi: kitu kigumu, cha mviringo, mahali pasipostahili. Alisema kwamba bila mstari ule angalihangaika muda mrefu akitafuta mpira ambao haukuwepo, au angalimpa dawa ya kuzuia kutapika na kumrudisha nyumbani, jambo ambalo lingaliificha hatari.

Mbwa alitiwa maji ya mshipani kwanza, kwa maana aliyekauka hastahimili kisu. Upasuaji ulichukua muda wa saa moja na nusu. Kipande kimoja cha gunzi kilitolewa katika utumbo mwembamba, na cha pili tumboni, kikiwa bado kinangoja zamu yake. Utumbo ulikuwa mwekundu na umevimba, lakini haukuwa umekufa. Daktari alisema wamewahi.

Gharama haikuwa ndogo kwa mshahara wa askari. Mume na mke walikaa na hesabu zao usiku ule; mabati yaliyokuwa yanunuliwe mwezi ule yaliahirishwa. Wapo watakaosema faranga nyingi hivyo zisitumiwe kwa mbwa, na hakuna anayeweza kuwalazimisha wafikiri vingine. Mume alisema jambo moja tu: mlinzi akijeruhiwa kazini, mwenzake hamwachi.

Mafunzo ya nyumba hiyo yanaweza kuifaa kila nyumba yenye mbwa, iwe kambini au mtaani.

La kwanza ni kutazama pumzi. Mbwa anayekwaruza mdomo kwa kucha, anayekohoa bila kutoa kitu, ulimi ukigeuka rangi ya zambarau, amezibwa koo, naye hana dakika za kupoteza. Watu wawili washirikiane: mmoja amshike kichwa na kufungua taya, mwingine atazame. Kitu kikionekana na kushikika, kitolewe; kisisukumwe ndani. Kisipotoka, mtu asimame nyuma ya mbwa, amzungushe mikono tumboni chini kidogo ya mbavu, aminye kwa nguvu kuelekea ndani na mbele, mara tano, kisha atazame tena mdomoni. Mbwa mdogo huweza kuinuliwa miguu ya nyuma ili kichwa kielekee chini. Hata kitu kikitoka, apelekwe kwa daktari.

La pili ni hadhari iliyo kubwa kuliko zote. Mbwa anayetoka mate mengi, taya limelegea, hawezi kumeza, huonekana kana kwamba ana mfupa kooni. Lakini hizo huweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado upo katika nchi za Afrika Mashariki na ambao, ukisha kuonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila mara. Kama mbwa hakuchanjwa, au hajulikani, au amebadilika tabia, mtu asiingize mkono kinywani mwake kwa hali yoyote. Amfungie mahali, aite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au aliyeingiwa na mate jerahani aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Cheti cha chanjo cha mbwa kitunzwe pamoja na karatasi za nyumba. Cha Simba kilikuwa ndani ya daftari, na daktari alikiomba kabla ya kingine chochote.

La tatu ni uzi. Kamba za kuchezea, nyuzi za magunia na vipande vya nguo ni hatari ya namna yake. Ncha moja hushikwa tumboni, nyingine hutangulia, na utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa kinachovutwa uzi wake, hata ukakatika. Uzi ukionekana ukining'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, usivutwe. Aachwe hivyo hivyo na kupelekwa kwa daktari.

La nne ni vitu visivyongojwa hata kidogo: betri, hasa zile ndogo za duara, ambazo huunguza ndani kwa muda mfupi, sindano na misumari, dawa za binadamu, sumu ya panya, na vijiti vya mishikaki, ambavyo katika mji unaopenda nyama ya kuchoma kama Bujumbura huokotwa na mbwa kila jioni kwa ajili ya harufu yake, navyo hutoboa tumbo. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Kokwa la embe, katika msimu wake, huziba kama gunzi.

La tano ni kuchagua kitu cha kutafuna. Kiwe kikubwa kuliko kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mbwa. Kisiwe kigumu kupita kiasi: ukikiminya kwa ukucha wa kidole gumba usione alama yoyote, kitavunja jino. Kisiwe na macho ya kubandika, filimbi wala uzi. Kikianza kumeguka, kitupwe. Na zaidi ya yote, kisiachwe na mbwa asiye na mtu wa kumtazama. Wenye kuongoza mbwa wa kunusa mabomu na dawa za kulevya wanaifahamu kanuni hiyo vizuri: mpira ni ujira wa kazi, mbwa akimaliza kazi hupewa, hucheza na bwana wake, kisha mpira hurudi mfukoni.

Simba alirudi Ngagara siku ya tatu. Daktari aliagiza chakula laini, kidogo, mara nne kwa siku. Matembezi ya kamba tu. Na nyuzi zitolewe baada ya siku 10 hadi 14. Ili asizilambe, mume alikata kitako cha ndoo kuukuu ya plastiki, akapitisha kamba kwenye matundu, akamvisha shingoni. Kwa siku zile mlinzi wa nyumba alizunguka uani akigonga kuta kwa ndoo yake, na wapita njia walicheka. Siku ya kumi na mbili nyuzi zikatolewa, na usiku uliofuata alibweka langoni kama zamani.

Sharti la kizingiti halikubadilika. Bibi bado anaosha vyombo vyake kama alivyofundishwa Buyenzi, na Simba bado analala uani. Lakini barazani, juu kidogo ya mahali anapolala, umening'inizwa mfuko wa kitambaa wenye kitu kimoja cha kutafuna, na anayeushika funguo ni yule mvulana wa miaka minane. Jioni humpa Simba mpira, humkalia karibu, huuchukua tena, huupima kwa ukucha na kuutazama kwa makini kama umemeguka, kisha huandika katika daftari: saa, siku, na neno "mzima".

Mama yake hakumwagiza kuandika. Alipoulizwa sababu, mtoto alijibu kwamba siku ile daktari alisoma mstari wake kwanza.